Msiulize Kilomita, Ulizeni Mikanda

SEHEMU YA 1: MAGARI YANANIHUSU NINI

Mama zangu, dada zangu, na ninyi wadogo zangu mliojifungua juzi juzi: wiki hii chanjo na uji wa lishe vinapumzika. Tunaongea magari.

Najua yupo atakayesema, "Nesi, baki na sindano zako, magari waachie wanaume." Sibaki. Gari likigonga, lenyewe linavutwa gereji, lakini waliokuwa ndani wanaletwa kwetu. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Si malaria wala UKIMWI. Kila mwaka wanakufa watu milioni 1.19 duniani. Mtoto uliyemlaza kwenye neti na kumpeleka chanjo zote bila kukosa hata moja, huyo huyo unampandisha kwenye gari ambalo hujawahi kulikagua. Kwa hiyo magari ni mada ya kliniki.

Tena mnajua kwa nini naongea sasa. Hela ikiingia Kyela, haiingii kimya. Mpunga ukivunwa, kakao ikiuzwa, utaona. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani, na kwetu huku kila aliyekuwa na miti shambani alijua kuna kitu kimetokea. Wengine walijenga, wengine walisomesha. Na wengine waliwafuata madalali wa magari, wakarudi na kigari kimeshushwa chini, rimu zinang'aa, ekzosi inaunguruma toka Ipinda mpaka Kyela mjini. Ndani yake wamekaa mama na watoto watatu.

Sisemi msinunue gari. Wala sisemi msinunue gari lililotumika, kwani wangapi kati yetu wana uwezo wa jipya? Nasema hivi: hela ya familia isinunue gari la kumfurahisha dereva wakati nafasi ya mtoto haijaangaliwa na mtu yeyote. Hilo ndilo ninalogombana nalo, na nitagombana nalo mpaka sehemu ya mwisho.

SEHEMU YA 2: TANGAZO LINAVYOONGEA

Someni tangazo la dalali taratibu. Yote yanafanana:

"Vitz RS namba D, injini kavu, kilomita chache, kiyoyozi kinapiga barafu, rimu za spoti, muziki mnene, ilikuwa ya mdada mtumishi, haina shida yoyote, ni kuwasha na kuondoka, bei maongezi."

Haya, niambieni, ni neno gani hapo limemhusu mtoto? Rimu ni za macho ya watu, muziki ni wa dereva. Huyo "mdada mtumishi" sijui ni nani, maana kila gari Tanzania hii lilikuwa lake. Mikanda ya nyuma haikutajwa, breki hazikutajwa, tairi hazikutajwa zina miaka mingapi.

Na sisi tunaingia mtego huo huo. Baba watoto akirudi na habari ya gari, swali letu la kwanza ni "limetembea kilomita ngapi?" Tukiambiwa 78,000 tunashusha pumzi. Tunaona tumeuliza swali la kitaalamu.

Mtoto akija kliniki, tunauliza umri wake, sawa. Lakini tunaishia hapo? Tunampima uzito, tunachora kwenye kadi, tunaangalia macho, tunabonyeza miguu kama imevimba. Wapo watoto wawili wa miezi kumi na nane, mmoja anakimbia, mwingine hata kusimama hawezi. Kilomita za gari ni umri tu. Tena ni umri ambao mtu anaweza kuufuta na kuandika mwingine, maana kurudisha kilomita nyuma ni kazi ya fundi wa umeme wa magari ya muda mfupi sana.

Gari la kawaida lenye kilomita 180,000 zilizotembea barabara nzuri, likabadilishwa oili kwa wakati, linaweza kuwa na afya kuliko lenye kilomita 90,000 alizolikimbiza kijana kila Jumamosi usiku. Japani kwenyewe gari jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Ndiyo maana wenyewe wanayauza mapema na yanakuja kwetu. Kilomita zinazosomwa kwenye ukaguzi ule huandikwa, na zinaonekana kwenye cheti cha kusafirishia gari nje ya nchi. Dalali akikwambia 78,000, mwambie alete cheti. Akisema kimepotea, mnunue mkijua namba ile si ushahidi wa kitu chochote.

Kilomita nyingi zisiwatishe, dada zangu, na chache zisiwalaze usingizi.

SEHEMU YA 3: SPOTI NA BARABARA YETU

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, spoti. Swift Sport, Vitz RS, Fit RS, Colt ya turbo. Kiwandani yalitengenezwa vizuri, sina ugomvi na aliyeyatengeneza. Ila yalitengenezwa kwa kijana mmoja, lami laini, tairi pana yenye ukuta mwembamba, spring ngumu, tumbo la gari karibu na ardhi. Halafu yakifika huku anakuja fundi anakata spring ili yashuke zaidi. Jamani, mnashusha ili lipite wapi?

Tuangalie tunakoishi. Ziwa Nyasa lipo kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700. Maana yake mgonjwa wa rufaa, mama mjamzito, mtoto anayekwenda kumsalimia bibi yake, wote wanapanda na kushuka zaidi ya kilomita moja ya mlima kwenda wima, wakipita Tukuyu, kwenye kona na ukungu, katikati ya malori yanayokwenda na kutoka Malawi kupitia Kasumulu. Ukiteremka toka Tukuyu umekanyaga breki muda wote, breki zinapata moto. Oili ya breki ikiwa ya zamani imeshanyonya unyevu, na unyevu huo ukichemka, pedali inazama mpaka chini na gari haliitikii. Oili hiyo inatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Muulize muuzaji yeyote wa kigari cha spoti imebadilishwa lini, uone atakavyokutazama.

Njoo na mvua. Kyela ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na kila mwaka Machi mpaka Mei tunajua kinachotokea Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zikijaa. Maji ya kina cha sentimita 30, yaani chini ya magoti ya mtu mzima, yanatosha kuanza kuliinua gari dogo. Gari lililoshushwa hata hayo haliyasubiri. Injini ikivuta maji badala ya hewa, vyuma vya ndani vinapinda, na hapo mnaongelea injini nyingine.

Halafu tairi. Zile nyembamba za spoti zikikutana na shimo, zinapasuka ubavuni. Wengi wanapoona bei ya mpya wanafunga zilizotumika. Tairi huzeeka hata ikiwa na nyuzi, mpira unakauka na kupasuka. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne. Ukikuta 2316, maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Hiyo ni elimu ya bure, haihitaji fundi wala mwanaume. Chuchumaa, soma.

Na spea je? Mafundi wetu wanazijua Toyota za kawaida kama wanavyojua nyumba zao. Ukija na injini ya turbo au gia ya CVT iliyochoka, spea itaagizwa Mbeya, ikikosekana Dar. Oili ya CVT si sawa na oili ya gia nyingine, ikiwekwa isiyo yake, gia inakufa. Kigari kinakaa gereji miezi miwili, na nyumbani mmerudi kwenye bodaboda huku mkopo unakatwa kila mwisho wa mwezi.

SEHEMU YA 4: NAFASI YA MTOTO

Hapa ndipo naomba msome mara mbili.

Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao shemeji zangu wanauita wa konokono, likigonga kitu na kusimama ghafla, aliyemo ndani bila mkanda anaendelea kwenda kwa mwendo ule ule. Fanya hesabu ya fizikia ya sekondari: ni sawa na kuanguka kutoka juu mita 10, karibu ghorofa tatu. Hakuna mama hapa anayeweza kumdaka mtoto wa kilo tisa anayeanguka toka ghorofa ya tatu. Kwa hiyo "nimempakata vizuri" si kinga. Mikono ya mama, pamoja na upendo wake wote, haina nguvu hiyo. Na mkijifunga mkanda mmoja wewe na mtoto, mwili wako ndio unaomkandamiza.

Sasa nenda kafungue mlango wa nyuma wa hilo gari mnalotaka kununua. Mikanda iko wapi? Mara nyingi imefunikwa na makava ya viti. Kava zuri la ngozi, limeshonwa maua, vifungio vya mikanda vimelala chini yake toka gari lifike nchini. Kwenye magari ya spoti ni zaidi, kwa sababu nyuma kumewekwa spika. Mtoto anakaa juu ya mkanda ambao ungemwokoa.

Na viti vya mbele. Kuna mfuko wa hewa, wenyewe mnauita eabegi. Unafumuka kwa nguvu kubwa na kwa haraka kuliko kupepesa jicho. Ulitengenezwa kwa mtu mzima aliyefunga mkanda. Mtoto mchanga kwenye kiti chake kinachotazama nyuma, ukimweka mbele ya mfuko huo ukiwa unafanya kazi, ukifumuka unaweza kumuua. Mtoto aliyepakatwa mbele, vilevile. Watoto wakae nyuma, hilo halina mjadala.

Kuna na jambo ambalo wauza magari hawalisemi kabisa. Kampuni ya Japani iliyoitwa Takata ilitengeneza mifuko ya hewa kwa magari mengi sana ya miaka ya 2000. Kemikali ya kufumulia mfuko iligundulika kuharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu. Ikiharibika, mfuko ukifumuka, kikopo cha chuma kinapasuka na kurusha vipande usoni na shingoni mwa aliyekaa mbele. Watu walikufa nchi mbalimbali. Vifaa hivyo viliagizwa kurudishwa kwa makumi ya mamilioni, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Honda Fit za miaka ile zimo, Toyota ndogo kadhaa zimo, na kampuni nyingine pia.

Joto na unyevu, mama zangu. Mnajua mkoa gani una wilaya ambayo ukianika nguo asubuhi unatoka jasho kabla hujamaliza kamba? Gari lililotumika Japani miaka kumi, likaja likakaa Kyela miaka mingine kumi, si sawa na lililobaki kwenye baridi. Honda na Toyota wana kurasa za intaneti ambapo unaingiza namba ya chesisi na kuona kama gari liliitwa kurekebishwa na kama lilirekebishwa. Ni dakika tano, kwa bando la siku moja.

SEHEMU YA 5: MAJIBU KWA SHEMEJI ZANGU

Shemeji zangu, najua mnasoma simu za wake zenu. Karibuni, tuongee.

Mnasema, "Bodaboda ni hatari zaidi." Nakubali kabisa. Baba, mama na watoto wawili kwenye pikipiki moja usiku, hakuna gari dogo linaloweza kuwa baya kuliko hapo. Kwa hiyo nunueni gari. Lakini hoja hiyo inatetea gari, haitetei spring zilizokatwa. Vitz ya kawaida, IST ya kawaida, Raum ile mnayoicheka kwamba ni ya wazee, zote zinawatoa watoto kwenye pikipiki. Raum ina mlango wa pembeni unaoteleza, mama anaingiza mtoto aliyelala bila kugombana na mlango. Hilo ndilo gari la kuringia.

Mnasema, "Wanawake hawajui magari." Sawa, tuseme hatujui. Tairi tumeshajua kusoma. Mkanda unavutwa tu, haihitaji cheti cha VETA. Na tukishindwa kulijua gari, hela tunaijua. Mpunga ule nani alipalilia? Kikoba nani alikaa? Mkopo wa mtumishi unakatwa kwenye mshahara wa nani? Mtu aliyechangia nusu ya hela hawezi kuambiwa alione gari likiwa limeshapaki uani.

Mnasema, "Ushuru ni mkubwa, ndiyo maana tunachukua yaliyochoka humu ndani." Hapo mna haki. Gari la abiria likizidi miaka minane toka litengenezwe linaongezewa ushuru wa bidhaa wa uchakavu, na likizidi miaka kumi nyongeza hiyo inafika asilimia 30. Watu wa kipato chetu wanaishia kununua lililopitia mikono minne. Ni kweli na ni uzito. Lakini sasa, kama lazima tununue lililopitia mikono minne, si ndiyo sababu zaidi ya kukataa lile ambalo kila mkono kati ya minne ulilikimbiza? Maskini hana nafasi ya kubahatisha. Mwenye nacho gari likimfia ananunua lingine. Wewe likikufia unaingia kausha damu, na kausha damu inaondoka na friji, kochi, na amani ya nyumba.

Hili nawaambia na wenzangu watumishi, wanawake kwa wanaume. Wapo wa kwetu wanaochukua mkopo wa miaka mitano kwa gari ambalo halina miaka mitano ndani yake.

SEHEMU YA 6: KABLA HELA HAIJATOKA

Fanyeni haya. Hifadhini, mtumieni na mwenzako.

Moja. Msitumie hela yote. Kama mna milioni 10, gari lisizidi 7. Iliyobaki ni ya tairi, breki, oili zote, mikanda, kubadili umiliki TRA na bima. Gari lisiloacha chenji hamjalimudu.

Mbili. Fundi awe wenu, si wa dalali. Mlipeni nyinyi, hata kama gari mtalikataa. Hasa mkilikataa, mlipeni kwa furaha.

Tatu. Toeni makava ya viti mbele ya muuzaji. Vuteni kila mkanda kwa ghafla, ujifunge. Uachieni, urudi wenyewe. Usiojifunga au usiorudi ubadilishwe kabla hamjalipa, au bei ishuke kwa gharama yake.

Nne. Washeni swichi bila kupiga injini. Taa ya mfuko wa hewa lazima iwake kisha izime. Ikibaki inawaka, kuna tatizo. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameiondoa ili usione tatizo. Hiyo ya pili ni mbaya zaidi.

Tano. Lipandisheni mlima na mlishushe. Msikubali kulizungusha mjini kwenye tambarare. Nendeni upande wa Tukuyu, mtasikia injini, gia na breki zikiongea zenyewe. Mkishuka, tumieni gia ndogo kuzuia mwendo, msikalie breki.

Sita. Jina kwenye kadi ya gari lifanane na la anayeuza. Angalieni deni la trafiki. Namba ya chesisi kwenye kadi isomeke vilevile kwenye gari.

Saba. Kiti cha mtoto kiwe sehemu ya bei ya gari. Mtoto mdogo atazame nyuma kadiri kiti kinavyoruhusu, na mkubwa atumie kiti cha kumwinua mpaka afikishe urefu wa sentimita 135 hivi ndipo mkanda wa mtu mzima umkae begani badala ya shingoni. Vifungeni nyuma. Kama bajeti imekosa kiti cha mtoto lakini ina rimu za spoti, basi nimeshaelewa gari linanunuliwa kwa ajili ya nani.

Na nane, hii ni ya mama peke yake. Una haki ya kusema hapana. Usiseme "sijui, fanya unavyoona." Sema "watoto wangu hawapandi hilo mpaka mikanda ifanye kazi." Utaambiwa una kiburi, utaambiwa nesi amewaharibu. Mwambieni ni kweli, nimewaharibu, na aje aniulize mwenyewe.

Muuzaji mwingine atakuja, na gari lingine litakuja. Msimu wa mpunga unarudi kila mwaka. Mtoto harudi.

Wiki ijayo tunarejea kwenye lishe, tutaongelea samaki wa ziwa letu na mtoto wa miezi sita.